Handikapu 26 kufika 18 ndani ya mwaka mmoja: jibu kwa ndugu wa Kasumbalesa

Swali lenyewe ni hili, nimelikata kidogo tu (kwa mgeni wa gofu: handikapu ni mikwaju anayopewa mchezaji juu ya pari, yaani juu ya hesabu ya mikwaju ya uwanja; ikishuka njo vizuri):

"Jambo yaya mwalimu. Niko na miaka 41, nafanya kazi ya transit, wiki nzima niko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na malori, Jumamosi njo siku yangu ya gofu hapa Lubumbashi. Nimecheza miaka miwili na nusu, handikapu yangu ni 26.4. Mwaka mpya nimeandika malengo: kufika 18, draiva (fimbo ya kupigia mbali) mita 240, kushuka chini ya 90 mara tatu, kuingiza pati (mikwaju ya kusukuma mpira shimoni) zote za mita 2, na kubeba kikombe kimoja cha klabu. Utabiri wangu: Desemba niko 18. Nimekutumia karti tano za mwisho. Niambie ukweli, itawezekana? Na ninunue draiva mpya?"

Jambo mudogo yangu, aksanti kwa karti, zimenisaidia kuliko barua yenyewe, maana mtu akiandika malengo anaandika vile anavyojiona lakini karti inaandika vile alivyopiga. Umeomba ukweli, basi huu hapa kabla hatujaenda mbali: Desemba hautakuwa 18. Mimi nakuona kwenye 22 na kitu, na ukinishangaza sana 21. Usikasirike kwanza, soma hadi chini, sababu kushuka kutoka 26 hadi 22 kwa mtu anayeshinda na malori wiki nzima ni kazi kubwa na wengi hapa klabu hawajawahi kuifanya.

Shida ya kwanza, unafikiri handikapu ni skoo yako ya kawaida. Hapana. Kwa hesabu ya World Handicap System iliyoanza 2020, wanachukua raundi zako 20 za mwisho, wanachagua 8 zilizo bora, wanatafuta wastani wa hizo 8 tu, zile 12 zingine zinakaa pembeni kama hazikuwepo. Sasa fikiri kidogo: kama ni wastani wa 8 bora, basi karibu nne kati ya hizo ziko chini yake na nne ziko juu, maana yake kati ya raundi 20 unacheza sawa na handikapu yako au vizuri zaidi mara nne tano hivi, zingine zote unarudi nyumbani unanung'unika. Handikapu njo sura yako ya siku nzuri, ile picha ya studio umevaa koti, siyo ile ya asubuhi ukitoka kitandani.

Tuweke namba. Chukua uwanja wa pari 72, rating 72, slope 113, yaani uwanja wa ugumu wa kawaida, ili hesabu iwe nyepesi. Mtu wa 26.4 siku zake nzuri anapiga 98 au 99. Karti zako: 99, 104, 101, 107, 98. Wastani ni 101.8. Mtu wa 18 siku zake nzuri anapiga 90, na siku zake za kawaida 93, 94. Kwa hiyo unaniambia utatoa mikwaju minane kwenye kila raundi, siyo siku moja ya bahati, kila raundi. Tena kuna kitu ingine ambayo watu wanasahau. Mwaka una Jumamosi 52, toa zile za mvua kubwa, toa matanga na ndoa, toa zile ambazo lori limekwama mpakani na tajiri anapiga simu kila dakika tano, utabaki na raundi 28 ukijikaza. Zile 20 za mwisho zitakazohesabiwa Desemba zinaanzia mwezi wa 5 hivi au wa 6. Ili uwe 18 lazima 8 kati yake ziwe karibu na 90. Yaani mwezi wa 6 inatakiwa uwe tayari unapiga 90 na unaona kawaida. Mwezi wa 6 ni kesho, ndugu. Handikapu ni kioo kinachochelewa, leo unapiga vizuri na yenyewe bado inakumbuka makosa yako ya miezi sita iliyopita.

Dawa moja ndogo ipo: mashimo 9. Tangu marekebisho ya 2024, karti ya mashimo 9 inahesabiwa palepale, mfumo unaijazia nusu ya pili kufuatana na handikapu yako, hausubiri tena 9 zingine za kuunganisha. Siku ukiwahi kutoka Kasumbalesa saa 9, cheza 9 kabla jua halijazama, peleka karti. Hata kama ni mbaya ipeleke, hasa kama ni mbaya, sababu kuna wale jamaa wanaosahau karti, mmoja karti mbaya anaisahau, mmoja karti nzuri anaisahau ili abaki na handikapu kubwa ale vikombe, na sisi wote tunawajua ni nani.

Sasa tarehe. Mwaka mpya wetu unaanguka katikati ya mvua, na mimi huwa nacheka kila Januari nikiona watu wameandika malengo yao tarehe 1 kama vile wanaishi Dubai. Hapa kwetu Januari, Februari, Machi udongo mwekundu umekunywa maji, mpira unaanguka na kukaa palepale, hautembei hata mita mbili. Pari 4 ambayo mwezi wa 8 unaifika kwa draiva na chuma 7, Februari unaipiga draiva, mbao 3, na bado unabaki na chipu, ule mkwaju mfupi wa mwisho. Nyasi za pembeni zimekua, mpira ukiingia ni kuita bakedi (wabeba mabegi) watatu na dakika zako ni 3 tu za kutafuta, zile 5 za zamani zilikufa 2019. Ukijipima Januari utaona mwaka umeshaharibika, halafu ukijipima Agosti, udongo umekauka kama meza na mpira unakimbia wenyewe, utajiona wewe ni Rory McIlroy, yule bingwa. Yote mawili ni uongo. Kwa hiyo mwaka wako wa gofu uanze na kipwa, yaani majira ya ukavu, mwezi wa 5, na hii miezi ya mvua iwe ya kujenga, siyo ya kuhukumu.

Mpira ukizama kwenye matope, yaani ukiingia kwenye tundu lake wenyewe, unautoa bure kwenye uwanja wote ule wa kawaida, hata nje ya nyasi fupi, unaudondosha kutoka kwenye goti ndani ya urefu wa fimbo moja nyuma ya pale ulipozama. Bure. Nimeona watu wazima wanachimba mpira kwa chuma cha banka huku matope yanaruka hadi kwenye kofia, na kanuni iko upande wao. Maji yaliyosimama kwenye njia, vilevile bure. Na radi: ukiona hatari ya radi unaruhusiwa kusimama mwenyewe bila kungoja mtu yeyote apige king'ora. Usikimbilie chini ya mti, tafadhali, kila mwaka nasema hivyo na kila mwaka namkuta mtu mmoja chini ya mti na mwavuli wake wa chuma.

Turudi kwenye karti zako, hapa njo penye nyama. Nimechukua ile ya 104. Shimo la 4, pari 4, umepiga 7. La 7, pari 4, umepiga 8. La 12, pari 3, umepiga 6. La 16, pari 5, umepiga 9. Mashimo manne, mikwaju 30, na pari yake ni 16 tu, yaani umeacha mikwaju 14 hapo. Sasa hesabu yale 14 yaliyobaki: bogi 10 (mkwaju mmoja juu ya pari) na dabo bogi 4 (miwili juu). Umeona? Mashimo 14 umecheza kama bwana mkubwa wa handikapu 20 na kidogo, halafu manne yamekula pesa yote. Kama yale manne ungeyamaliza kwa dabo tu, siyo pari, siyo bogi, dabo ya kawaida ya mtu aliyechoka, ungerudi na 98. Mikwaju 6 bila kupiga mpira hata mmoja vizuri kuliko ulivyopiga. Nimezipitia na zile zingine nne, hadithi ni ileile, hata kwenye 98 yako kuna mashimo mawili ya hivyo.

Nilimuuliza kedi wako kuhusu lile shimo la 7 (samahani, hapa tunajuana wote). Draiva imeenda kulia kwenye mikaratusi. Kulikuwa na njia ya kutoka kando, mita 30, nyasi safi. Wewe ukaona dirisha kati ya miti miwili. Upana wake, anasema, kama mlango wa choo. Ukachukua chuma 4. Mpira ukagonga mti wa kushoto ukarudi nyuma yako. Ukachukua chuma 4 tena! Hapo njo mwaka wako wote ulipo, mudogo yangu, hauko kwenye draiva mpya wala kwenye mita 240. Uko kati ya ile miti miwili, na mkono wako uliorudi kwenye begi mara ya pili kuchukua fimbo ileile.

Basi lengo la kwanza la kuandika, tena andika kwa wino: mashimo ya tripo (mikwaju mitatu juu ya pari) au zaidi, kutoka manne kwa raundi hadi mawili. Hii unaweza kuihesabu kila Jumamosi ukiwa bado unafungua viatu, haingoji Desemba, na inakutegemea wewe. Ukiingia kwenye miti mkwaju unaofuata unatoka kando, hakuna mjadala, mpe kedi ruhusa ya kukataa kukupa chuma kirefu. Mimi nilianza kubeba mabegi nikiwa na miaka 13 na nakwambia kedi anajua kabla yako, anajua ukiwa bado unatembea kuelekea mpira, anakaa kimya tu sababu ya ile pourboire, bakshishi yake.

Pati sasa. "Kuingiza pati zote za mita 2." Hilo lifute. Profesa Mark Broadie wa Columbia University, yule aliyetengeneza hesabu ya strokes gained (mikwaju unayopata au kupoteza ukilinganishwa na wengine) ambayo PGA Tour, ligi ya wataalamu wa Marekani, ilianza kuitumia kwenye pati 2011, alipima mikwaju kwa maelfu na akaonyesha kwamba wale mabingwa wa Marekani kwenye futi 8, yaani mita 2.4, wanaingiza nusu. Nusu! Mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, kwenye griini (ile nyasi fupi yenye shimo) iliyonyolewa kama zulia. Futi 20, mita 6, wanaingiza karibu 15 kati ya 100. Na kwenye futi 33, mita 10, wastani wao ni pati mbili kamili. Kwa hiyo ukikosa mita 2 usipige fimbo chini. Unachopoteza wewe ni kingine: mita 10 unaacha mpira mita 3 mbele ya shimo, halafu unakosa, halafu ya tatu. Karti yako ya 107 ina pati 41, nimehesabu vile vinukta ulivyochora.

Mwezi uliopita nilikuwa na mama mmoja kwenye griini ya mazoezi, handikapu 30. Nikaweka vifuniko vitano vya chupa ya bia ya Simba, cha kwanza mita 6, cha mwisho mita 12, hakuna shimo, nikamwambia usimamishe mpira kwenye kifuniko. Mara ya kwanza mpira ulipita mita 4. Akacheka, akapiga wa pili, ukabaki mita 3 nyuma. Hakubadilisha mkono wala kusimama kwake, alianza tu kuangalia kifuniko badala ya kuangalia mpira wakati anapima kwa fimbo, na baada ya dakika 20 mipira yote ilikuwa inalala ndani ya hatua moja. Fanya hilo mara mbili kwa wiki, hata Kasumbalesa kwenye zulia la ofisi, vifuniko havikosi kule. Lengo la pili: pati tatu kwenye shimo moja zisizidi mara tatu kwa raundi. Basi.

Draiva mita 240 nitaisema haraka sababu haistahili zaidi. R&A na USGA, wale wasimamizi wa kanuni za gofu, walipima wanaume wa ridhaa, wastani ni karibu yadi 215, mita 197 hivi. Sisi hapa tuko mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unaruka mbali kidogo kuliko pwani, asilimia kama 4 au 5 hivi, na kipwa udongo mgumu unaongeza mbio. Kwa hiyo ukisikia mtu wa hapa anajisifu 240, mwulize mwezi gani na mteremko gani, halafu mpeleke Mombasa. Halafu asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7, digrii chini ya 10, mpira unakuwa kama jiwe, usishangae ukipoteza mita. Mita 200 katikati ya njia, hilo linakutosha hadi handikapu 15. Kitu ninachopenda uhesabu badala ya mita ni mipira uliyopoteza. Kila mpira uliopotea ni mkwaju wa adhabu na safari ya kurudi nyuma, kwa ufupi ni mikwaju miwili, na bei ya mpira mpya hapa unaijua, na wale watoto wanaokuuzia mipira kwenye ukuta nafikiri mara nyingi wanakuuzia ya kwako mwenyewe. Piga wa akiba kila ukiwa na wasiwasi, sema kwa sauti kwamba ni wa akiba kabla ya kuupiga, maana usiposema ule wa pili ndio unakuwa mpira wako.

Kikombe. Hicho siyo lengo, ni utabiri, sababu hakikutegemei wewe peke yako. Mashindano yetu mengi ni Stableford ya neti (pointi kwa kila shimo, mikwaju ya handikapu ikishatolewa), pointi 36 ni kucheza sawa na handikapu yako, na mshindi kawaida anakuja na 39, 40, wakati mwingine 42 za mtu aliyesahau karti. Na uone mtego: kila ukishuka handikapu unapewa mikwaju michache, kwa hiyo mwaka unaoboreka vizuri polepole unaweza usishinde chochote. Nafasi yako kubwa ni ile wiki utakapovuka ghafla, kabla mfumo haujakufikia. Ukiniuliza, mwezi wa 7 au wa 8.

Na kuhusu utabiri kwa jumla, utauandika lakini kwa namna ingine. Usiandike "Desemba niko 18". Andika hivi, na mimi nitaandika yangu pembeni: kushuka chini ya 25, mimi nakupa nafasi 9 kati ya 10. Chini ya 23, nusu kwa nusu. Chini ya 21, 1 kati ya 10. 18, sitaki kuiandika. Kushuka chini ya 90 mara moja, 4 kati ya 10, mara tatu ni 1 kati ya 20 sababu mtu wa 22 akipiga 89 amecheza siku yake bora ya mwaka. Weka karatasi kwenye bahasha, mpe mama watoto, asiifungue hadi mwisho wa Desemba. Utaona ulijidanganya wapi. Mimi nilipokuwa na handikapu 9 niliandika "5" ukutani kwa kalamu nyekundu, mwaka ukaisha nikiwa 10, na ukuta ule nikaupaka rangi mwenyewe, lakini sikujua nilikosea kwa kiasi gani wala kwa nini sababu sikuandika kingine chochote.

Hata wakubwa hawatabiriki. Rory McIlroy alishinda PGA Championship mwezi wa 8, 2014, na tangu hapo kila Januari watu walisema mwaka huu atashinda Masters akamilishe yale mashindano manne makubwa ya gofu. 2015 walisema, 2016 walisema, na mimi nilisema nao. Alishinda Aprili 2025, kwenye shimo la ziada dhidi ya Justin Rose, mwaka ambao mimi binafsi nilikuwa nimeshachoka kusema. Mtu bora wa kizazi chake alingoja karibu miaka 11, sasa wewe na lori zako unataka kupanga Desemba.

Draiva mpya: ngoja. Ukiinunua sasa utaijaribu kwenye matope, mpira hautembei, utafikiri umeibiwa. Cheza na ile ya zamani hadi Pasaka, kisha uje siku ya katikati ya wiki nikuone ukipiga mipira 20 na zote mbili, ya klabu ninayo ya kujaribia. Lakini lete na zile karti za Januari hadi Machi, na pembeni ya kila karti uandike namba mbili tu, mashimo ya tripo mangapi na mipira mingapi imepotea. Na umsalimie kedi wako, mwambie simu yangu ya juzi isimletee matatizo.